Mtihani Upime Mshono, Usipime Mguu: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mitihani ya Mafunzo ya Amali Zanzibar

Waheshimiwa mnaosimamia elimu, mafunzo ya amali na mitihani yake, Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa ushoni. Nafundisha vijana kukata na kushona hapa Wete, katika darasa dogo lenye vyerehani 11 na dirisha moja kubwa. Sikutumwa na chama wala jumuiya yoyote. Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu mitihani iliyopita. Nimeshalisema kwa mdomo mara nyingi, na kila niliyemwambia alinionea huruma kisha akaenda zake.

Nina mwanafunzi, kijana wa miaka 22, aliyeanguka mkarafuu. Kwa mtu wa Pemba hayo yanatosha. Kwa atakayeisoma barua hii akiwa mbali, nieleze kidogo: msimu ukifika vijana hupanda miti mirefu kuchuma karafuu, na tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, haliinami kwanza likakupa muda wa kushika jengine. Yeye alikatikiwa na tawi akiwa juu, akaangukia mgongo. Miguu yake haikumbeba tena.

Alikuja kwangu akiwa mgongoni mwa kaka yake, na mama yake nyuma akiwa ameshika magongo ambayo hata hayakumsaidia. Mama akaniambia neno moja tu: "Mwalimu, mikono yake mizima." Nikamkalisha kwenye cherehani cha mkono.

Waheshimiwa, huenda wengi wenu mara ya mwisho mlikiona cherehani cha mkono kwa bibi zenu, basi naomba mnivumilie nikieleze, maana barua yote hii imekaa juu yake. Cherehani cha miguu kina ubao chini. Unaukanyaga, mkanda unazungusha gurudumu, na mikono yako yote miwili inabaki huru kuongoza kitambaa. Cha mkono hakina ubao. Kina kipini kwenye gurudumu, upande wa kulia. Mkono wa kulia unazungusha, kitambaa kinaongozwa na wa kushoto peke yake. Sindano ni ileile, bobini ni ileile, mshono unaotoka ni uleule. Tofauti ni kwamba mshono mrefu, kama ubavu wa kanzu, unachukua muda zaidi, kwa sababu anayeshona analazimika kusita, kuweka kitambaa sawa, kisha kuzungusha tena.

Kijana huyu alijifunza kuongoza kitambaa kwa ncha za vidole vitatu. Mwezi wa kwanza mishono yake ilikwenda kama njia ya siafu. Mwaka wa pili nilikuwa nawaonyesha wenzake kola zake. Mwezi wa Ramadhani, watu wanapogombania kanzu za sikukuu, alishona kanzu tisa, na hakuna iliyorudishwa.

Ukafika wakati wa kusajiliwa kwa mtihani. Fomu ilikuwa na sehemu ya jina, tarehe ya kuzaliwa, fani na picha. Haikuwa na mahali pa kusema kwamba huyu anashona kwa cherehani cha mkono na anahitaji muda zaidi. Nikaandika chini kabisa ya karatasi, kwa kalamu, kwa herufi kubwa. Hakuna aliyenijibu, nami nikachukua kimya kile kuwa ni ridhaa. Hapo nilikosea, na kosa hilo alilibeba yeye.

Mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye kituo kingine, sikitaji. Tuliondoka alfajiri kwa gari ya shamba, cherehani chake tumekifunga kanga mbili kisiharibike na michubuko ya njiani. Kaka yake alimpandisha vidaraja vitatu vya mlangoni. Ndani mlikuwa na vyerehani vya miguu, safu mbili, vizuri, vimetiwa mafuta. Cha mkono hakikuwamo hata kimoja.

Nikamwambia msimamizi kwamba chake tumekuja nacho. Alikuwa mtu mpole, wala hakunipandishia sauti. Akasema vifaa vya nje haviruhusiwi, kila mtahiniwa atumie mashine za kituo, na yeye hana waraka wa kumruhusu kufanya vyengine. Nikamwonyesha nakala yangu ya fomu, yale maandishi ya chini. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Saa tatu ikafika, wenzake wakaambiwa waanze. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, acha ajaribu hivi hivi."

Nilitolewa nje kama walimu wote. Nilichokijua kuhusu saa nne zile nilikijua baadaye, kutoka kwake na kutoka kwa shati lenyewe.

Kazi ilikuwa shati la kiume lenye kola na mfuko mmoja. Alipima, akachora kwa chaki, akakata. Kukata ni kazi ya mikono, na hapo hakuna aliyemshinda. Alipofika kwenye kushona akainama, akajaribu kuusukuma ubao kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa kwenye kitambaa. Gurudumu likarudi kinyume, uzi ukakatika. Akajaribu mara tatu. Kisha akachukua sindano ya mkono akalipiga bandi, yaani mishono ya muda ya kushikizia tu, shati zima: mabega, mikono, ubavu, kola, mfuko. Bandi za mkono, hatua moja sawa na nyengine, tangu juu hadi kwenye pindo. Kengele ilipolia shati lilikuwa limesimama, lina umbo, unaweza kulivaa ukitembea polepole. Lakini mshono wa mashine haukuwamo hata inchi moja.

Na kutwa ile hakutia maji kinywani, kwa sababu alijua choo cha pale kina ngazi.

Cherehani chake kilikuwa barazani muda wote, kimefungwa kanga, hatua 20 kutoka alipokaa.

Majibu yalipotoka, kwenye kushona kwa mashine aliandikiwa kwamba bado hajaweza. Fundi mmoja wa sare za skuli aliyeahidi kumchukua akileta cheti alingoja, halafu akamchukua mwengine. Simlaumu fundi yule. Wala yule msimamizi simlaumu, na hili naomba nilieleze vizuri: mtihani ni amana, na anayesimamia chumba akianza kutoa ruhusa kwa huruma yake, kesho atatoa kwa udugu wake. Alikuwa sahihi kuogopa. Kibaya ni kwamba jambo kubwa namna ile liliachwa liamuliwe asubuhi ya mtihani, mlangoni, na mtu asiye na karatasi mkononi.

Si yeye peke yake. Katika mitihani hiyo hiyo nilikuwa na binti kiziwi. Karatasi ya maswali ilitoka na kosa la chapa, jambo linalotokea. Msimamizi akapita katikati ya safu akitangaza: kiuno cha sketi kisomeke 86, siyo 68. Wote wakasahihisha. Binti alikuwa ameinamisha kichwa anasoma karatasi yake, na karatasi yake ilisema 68. Akashona sketi ya 68, safi, zipu imelala kama haipo, akakatwa alama za vipimo. Alipoelezwa kilichotokea aliniashiria kwa mikono swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini hawakuandika ubaoni? Chaki ilikuwapo.

Wa tatu ana uoni hafifu. Darasani anatumia lenzi ya mkononi, na tepu yake ya kupimia nimeitia fundo la uzi mnene kila sentimita 10 ili aihesabu kwa kidole. Lenzi aliachiwa. Tepu ilichukuliwa kwa kuwa ina alama. Alifaulu kwa tabu, na ndiyo maana habari yake naipita haraka, lakini kufaulu kwake hakuhalalishi alichofanyiwa.

Sasa nije kwenye hoja, kwa sababu najua jibu linaloningoja. Nimeshaambiwa: "Mwalimu, tukiwalegezea, cheti kitapoteza thamani."

Naomba tujiulize cheti cha ushoni kinathibitisha nini. Kinathibitisha bega lililokaa, mfuko usiopinda, tundu la kifungo lisilofumuka nguo ikifuliwa. Tangu nianze kazi hii hakuna mteja aliyeniuliza kanzu yake imeshonwa kwa mguu au kwa mkono. Kofia zetu za viua, ambazo mtu wa Pemba hana haja ya kuelezwa thamani yake, hushonwa kwa sindano ya mkono, tundu kwa tundu, na hakuna anayesema aliyeishona si fundi kwa kuwa hakukanyaga mashine. Kilichotakiwa kupimwa siku ile ni kama kijana anaweza kushona shati. Kilichopimwa ni kama miguu yake inafanya kazi, na jibu la hilo hospitali walishalitoa zamani.

Mimi siombi mwanafunzi wangu apewe alama za bure. Kola ikipinda akatwe, kama atakavyokatwa mwenzake. Siombi mtu mwengine amshonee. Mpaka uwekwe wazi, na unawekeka. Katika fani ya umeme, msaidizi anaweza kumshikia mtahiniwa ngazi au kumsogezea boksi la vifaa. Hawezi kumuunganishia waya, kwa kuwa kuunganisha waya ndiko kunakopimwa. Kwenye useremala anaweza kumbebea mbao, hawezi kumkatia. Kwa asiyesikia, kengele ya karakana iandamane na taa. Kuna pahala muda hautorefushwa na nitakubali: kama kinachopimwa ni kasi yenyewe, kwa mfano mpishi anayetakiwa kuzitoa sahani zote kwa pamoja zikiwa moto, basi tukae tuangalie njia nyengine. Lakini mahali hapo ni pachache kuliko tunavyodhani. Shati haliozi likicheleweshwa dakika 60.

Wenzetu wa mitihani ya skuli wameshatangulia. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi makubwa, na huwaongezea muda. Hakuna anayesema cheti cha kidato cha nne kimeshuka hadhi kwa hilo. Uingereza, mtahiniwa aliyethibitishwa kuwa na haja huweza kuongezewa robo ya muda wa mtihani, na kanuni moja ya kule naipenda: msaada anaopewa mtu siku ya mtihani ulingane na njia anayofanyia kazi darasani siku zote. Kanuni hiyo inamzuia mwongo, kwa sababu anayejifanya asubuhi ya mtihani hana historia ya miezi darasani. Na inamlinda mkweli. Kijana wangu alikuwa na miaka miwili ya cherehani cha mkono, ningeweza kuithibitisha kwa daftari la kazi zake, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyeniomba.

Tena nyinyi mnalijua jambo hili kuliko mimi, maana sheria zimo mikononi mwenu. Mwaka 2006 Zanzibar ilitunga Sheria ya Mafunzo ya Amali, Namba 8, na inayoifuata, Namba 9 ya mwaka huohuo, ni ya haki za watu wenye ulemavu. Zilizaliwa pamoja kama pacha. Hii ya ulemavu ikaja kufanywa upya mwaka 2022. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba ule inataja mafunzo ya ufundi kwa jina lake, na inataka mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayomfaa ili apate mafunzo hayo sawa na wengine. Ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Neno zito hilo. Sidhani kuna mtu pale kituoni aliyekusudia ubaguzi, lakini kijana aliyebaki na shati la bandi mikononi hapungukiwi na maumivu kwa kuwa hakuna aliyekusudia.

Na sisi Wazanzibari tuna historia yetu kabla ya mikataba. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo, ili mtoto wa mkulima asizuiliwe na ada. Baba yangu alisoma kwa sababu ya siku ile. Ada ikaondoka mlangoni. Leo naona mlangoni vidaraja vitatu.

Ninachoomba ni hiki, na nakiomba kwa heshima.

Fomu ya usajili iwe na sehemu ya kueleza mahitaji ya mtahiniwa, ijazwe na mwanafunzi pamoja na mwalimu wake: anafanyaje kazi kila siku, anatumia kifaa gani, anahitaji nini kwenye nadharia na nini kwenye vitendo. Asitumwe kuhangaikia barua ya daktari wakati ulemavu wake unaonekana na mwalimu ana ushahidi. Mtu wa Micheweni kwenda na kurudi hospitali kwa ajili ya muhuri ni nauli na siku nzima. Majibu yatoke kwa maandishi, si chini ya wiki sita kabla ya mtihani, ili aliyekataliwa apate muda wa kuomba iangaliwe tena. Nakala moja abaki nayo mwanafunzi, nyengine iwe ndani ya bahasha ya msimamizi, asije akasimama tena mtu mlangoni na simu isiyopokelewa.

Mtahiniwa aruhusiwe kuja na kifaa chake alichozoea, kikaguliwe siku moja kabla. Cherehani, tepu yenye mafundo, lenzi, meza ya kimo chake. Marekebisho yoyote ya swali yaandikwe ubaoni kwanza ndipo yasomwe. Penye mtahiniwa kiziwi pawe na mkalimani wa lugha ya alama, naye akutanishwe na walimu wa fani kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mkalimani mzuri wa hospitali au mahakamani hana lazima ya kujua ishara ya kwapa, pindo na kitambaa kilichokatwa mshazari. Darasani kwangu ishara hizi tumezitunga wenyewe na yule binti, nyengine tumezibadilisha mara mbili. Na maswali ya nadharia yaandikwe kwa sentensi fupi. Kwa kiziwi wengi wetu hatuzingatii kwamba lugha yake ya kwanza ni ya mikono, Kiswahili cha kuandikwa amekikuta baadaye. Swali lenye mistari mitano linampima kusoma kabla halijampima kushona.

Choo. Naliandika peke yake kwa sababu katika mikutano huwa linaonewa haya. Kituo chochote kitakachopangiwa mtahiniwa mwenye ulemavu wa viungo kikaguliwe mlango, njia na choo, na kama hakifai apangiwe kingine kilicho karibu na kwao. Ubao wa kutelezesha kiti cha magurudumu kwenye vidaraja vitatu, seremala wa hapa Wete anautengeneza kwa siku moja. Nimeshamuuliza.

Wasimamizi wapewe mafunzo, hata ya siku mbili, na wafundishwe na watu wenye ulemavu wenyewe. Jumuiya zao zipo, za wasioona, za viziwi, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu miaka ya 1980. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lipo. Mimi nimejua niliyoyaandika hapa kwa kukaa na wanafunzi watatu. Wao wanajua ya maelfu.

Mwisho naomba kwa hawa wawili, yule kijana na yule binti. Wapewe nafasi ya kurudia sehemu ya vitendo bila ya kulipia upya na bila ya kurudia mwaka. Karatasi zao mnazo, na yale maandishi yangu ya kalamu chini ya fomu yatakuwapo bado. Sketi ya 68 mnaweza kuipima.

Baada ya majibu kijana alikaa nyumbani wiki tatu. Mama yake alikuwa ananiambia kwamba halali, anafungua na kufunga ule mkasi wake mpaka usiku. Juzi alirudi. Hakuniambia kitu. Alivuta kiti, akatia uzi, akachukua lile shati la bandi, ambalo walimrudishia, akaanza kulishona kwa mashine pale zilipopita bandi zake, akizichomoa moja moja. Lilimchukua saa tano na robo. Nimelitundika ukutani darasani. Atakayekuja Wete namkaribisha alishike, aangalie kola.

Usajili ukifunguliwa nitakuja na fomu zao mbili mkononi. Naomba safari hii nikute mahali pa kujaza.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa ushoni,
Wete, Pemba